Nipe Mji: Mchezo wa Watoto na Furaha ya Anayejitolea

Katika fasihi ya Kiswahili mtoto amepewa jukwaa mara nyingi kuliko alivyopewa kauli. Ushahidi wa karibu ni ngonjera. Mathias Mnyampala aliukuza utanzu huo katika siku za Azimio la Arusha la mwaka 1967, na vitabu vyake viwili vya Ngonjera za Ukuta vilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya yeye kufariki mwaka 1969, vilikuta shule za Tanzania ziko tayari kuvipokea. Tangu hapo watoto wamesimama safu mbili mbele ya mgeni rasmi, safu moja ikishikilia ujinga na ya pili ikishikilia maarifa, mpaka zifike beti za mwisho ambapo wajinga huongoka na wote kukubaliana. Ni utanzu wenye heshima yake, na hawezi kuudharau mtu aliyewahi kusikia vina vya kati vikitua barabara katika kinywa cha mtoto wa miaka tisa. Hata hivyo kila aliyepo, mgeni rasmi mwenyewe akiwamo, anajua kwamba maneno yale ni ya mwalimu. Mtoto amechangia sauti na kumbukumbu tu.

Iko sanaa nyingine ya watoto isiyokuwa na mgeni rasmi. Huanza pale mtoto anaposhika gunzi la hindi na kuliita mwanangu, au anapochora mstari mchangani na kutangaza kuwa ng'ambo yake ni bahari. Kupikapika, mchezo wa baba na mama, duka la mchanga, gari la kifuu: kila mtaa una majina yake. Wahakiki wameiacha sanaa hii nje ya mlango kwa kuwa haina matini. Haiandikwi, hairudiwi neno kwa neno, na mtunzi wake akiitwa kwenda kuoga huiacha katikati. Lakini inayo yote ambayo uhakiki huyatafuta. Inaye fanani na inayo hadhira, ingawa mara nyingi ni watu walewale. Ina masharti makali, na anayesahau kuwa jiwe lile ni mkate hukemewa kama malenga aliyepoteza kina. Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, alidai katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938 kuwa ushairi wenyewe ulizaliwa ndani ya mchezo na haujapata kutoka humo. Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili, aliyezoea kuona jinsi mizani inavyombana mtunzi na wakati huohuo kumfungulia njia, hatalishangaa dai hilo.

Linalostahili kuchunguzwa ni nafasi ya mtu mzima katika sanaa hiyo, hasa yule anayejitolea: asiye mzazi, asiye mwalimu wa zamu, ambaye ametoa jioni zake ili acheze na watoto wasio wake. Huyo anaingia mchezoni kama nani? Anapata furaha gani, na je, furaha hiyo inalipiwa na nani? Maswali haya yanaweza kuulizwa Mkunazini au Lamu. Yanakuwa mazito zaidi yakiulizwa mahali ambapo watoto wengi walifika wakiwa wamepoteza karibu kila kitu isipokuwa uwezo wa kujifanya.

Mahali hapo pako mbali na bahari. Murukulazo ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika nchi ya migomba na vilima ya Wahangaza na Washubi, hawa wa pili wakienea hadi Biharamulo. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Kihangaza kinafanana sana na Kirundi na Kinyarwanda, hata mpaka wa ramani unakatisha katikati ya maongezi. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, Warundi walikimbilia upande huu. Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera katika muda wa saa ishirini na nne hivi, na eneo la Benaco likageuka kuwa mji wa mahema. Mwezi Desemba 1996 karibu nusu milioni ya Wanyarwanda walirudishwa kwao kutoka mkoa wa Kagera. Warundi walibaki miaka mingi zaidi, na kambi ya Lukole ilifungwa mwaka 2008. Katika umati huo walikuwamo watoto wengi waliofika peke yao, au wakiongozwa na ndugu aliyewazidi mwaka mmoja au miwili.

Elimu ya dharura iliwafikia mapema. Mwaka 1994 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalipeleka Ngara masanduku ya vifaa vya kufundishia, na walimu waliosimama mbele ya watoto walitoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Ngara redio iliyopewa jina la Kwizera, neno la lugha za huko lenye maana ya kuamini na kutumaini. Vyombo hivi vina kumbukumbu zake. Mchezo hauna. Hakuna bohari linaloweza kuhifadhi hema lililofanywa meli alasiri moja na kurudi kuwa hema kabla ya magharibi. Ndiyo maana anayeandika juu ya watoto wa maeneo hayo hushawishika kuhesabu madaftari na vikombe vya uji, akaupita mchezo kana kwamba ni kelele za pembeni.

Si kelele. Mwaka 1920 Sigmund Freud alieleza habari za mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa akirusha kigurudumu cha uzi nje ya macho yake na kutamka kuwa kimekwenda, kisha akakivuta kwa uzi wake na kukipokea kwa shangwe. Mama yake alikuwa akitoka na kumwacha. Mtoto, ambaye hakuwa na amri juu ya kuondoka kwa mama, alijitungia kuondoka ambako yeye ndiye mwenye amri. Mengi yaliyosemwa na Freud yamepingwa, lakini kisa hiki kimedumu kwa sababu kila mlezi amekiona kwa macho yake. Mtoto huchukua jambo lililomtenda na kulifanya jambo analolitenda. Mshairi wa maombolezo hufanya vivyo hivyo: msiba uliomfika bila hiari huupanga katika beti, akaamua mwenyewe uanzie wapi na utulie wapi.

Mchezo wa kujificha unaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko michezo yote. Visiwani unaitwa kibe; sehemu nyingi za bara unaitwa kombolela, na jina hilo linabeba ukombozi ndani yake, kwani aliyejificha vizuri akiwahi kufika kituoni kabla ya kukamatwa huweza kuwakomboa wenzake waliokwisha kuonekana. Kwa mtoto wa Forodhani kujificha ni utani. Kwa mtoto aliyewahi kulala kichakani akiziba mdomo wa mdogo wake, kujificha ni kumbukumbu. Mtoto huyo anaweza kukataa kata kata kujificha, akataka awe mtafutaji kila zamu. Na mwingine, kinyume chake, anaweza kutaka kujificha mara kumi mfululizo, kwa kuwa kila mara anatafutwa, na kila mara anapatikana, na anayempata anacheka. Kanuni za kombolela hazijabadilika. Kilichobadilika ni uzito wa neno kupatikana, katika nchi ambayo watu wazima nao walikuwa wakipekua orodha za majina kutafuta watoto wao.

Hapa ndipo kazi ya anayejitolea inapoweza kuhakikiwa kama inavyohakikiwa kazi ya mwigizaji. Mwigizaji mbaya hujulikana mara moja. Yeye huwapanga watoto mviringo, huwagawia majukumu, hupiga makofi kabla ya wakati, na akiona mtoto aliyekataa kujificha humsukuma kwa upole akidhani anamtia moyo. Mchezo ukigeukia mazishi, kama unavyogeuka mara nyingi popote palipo na watoto waliopitia vita, huukatiza haraka na kuleta mpira. Nia yake ni njema, na watoto humtii kwa adabu, maana watoto waliopata dhiki huwa mahodari wa kumsoma mtu mzima na kumpa anachokitaka. Atarudi nyumbani akisimulia jinsi walivyofurahi. Kwa kweli amesikilizishwa ngonjera nyingine, safari hii isiyokuwa na vina.

Mwigizaji mzuri huanza kwa kungoja. Hukaa chini, penye vumbi, kwa kimo cha watoto, mpaka apewe kazi. Na kazi anayopewa kwa kawaida ni ndogo na ya kumshusha: awe mgonjwa, awe mbuzi, awe abiria aliyekosa nauli, awe mtoto mchanga asiyejua kusema. Tuseme watoto wamepanga mawe katika mstari mrefu na kusema hawa ni watu wanaosubiri mgao wa mahindi, naye ameambiwa awe jiwe la mwisho. Usanii wake wote utapimwa kwa namna atakavyokubali kuwa wa mwisho. Akiuliza maswali ya kitaalamu, ameharibu. Akiruka mstari ili kuchekesha, ameharibu pia, isipokuwa kama mwenye mchezo amemruhusu. Akisubiri, akachoka, akauliza kwa sauti ya jiwe ni lini zamu yake itafika, basi mwenye mchezo, ambaye ndiye mgawaji, atapata nafasi ya kujibu. Jibu hilo halikuandikwa na mtu. Huenda ni ukali aliokwisha kuuona, huenda ni ukarimu aliokuwa akiutamani. Vyovyote iwavyo ni kauli yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kuna mtu mzima anayeingojea.

Liko jambo la lugha pia. Aliyetoka pwani akaenda Ngara na Kiswahili chake kilichonyooka huona upesi kuwa umahiri huo haumfai kitu penye vitendawili. Watoto wa Kinyarwanda hufungua kwa sakwe sakwe na kuitikiwa soma. Wa Kirundi hufungua kwa sokwe na kuitikiwa niruze. Mgeni husimama mlangoni kama mtu asiyejua kubisha hodi. Lakini akijifunza kuitikia hugundua kuwa nyumba anaijua, maana ni ileile ya kitendawili na tega. Na yeye anacho cha kuchangia, nacho ni ile kanuni ya Waswahili kwamba aliyeshindwa kufumbua sharti atoe mji. Nipe mji, husema mtegaji. Naye aliyeshindwa humpa Mombasa, au Unguja, au Tabora, na mshindi hukubali au hukataa, na akikubali hufunga safari ya maneno, akautawala mji wake kwa muda wa sentensi tatu, ndipo atoe jibu. Watu wa mwambao wameisikia kanuni hiyo tangu utotoni mpaka hawaisikii tena. Ipeleke kwa mtoto aliyefukuzwa kijijini kwao, ambaye makazi yake ni namba ya hema, na itasikika upya. Mtu mzima ameshindwa, na kwa kushindwa kwake amelazimika kumpa mtoto mji. Hakuna hotuba ya haki za mtoto inayosema zaidi ya hayo.

Haki yenyewe imeandikwa. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, kinamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Mwaka 2013 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ililazimika kutoa ufafanuzi maalumu wa kifungu hicho, ikilalamika kuwa kinatambuliwa kidogo mno. Sababu ya kusahauliwa kwake si ngumu kuiona. Mtu anayeona mtoto ana njaa husema kwanza chakula, kisha dawa, kisha shule, na mchezo utasubiri. Hoja hiyo ina ukweli mkubwa, na mwenye kuicheka hajawahi kuona njaa. Kasoro yake ni kudhani kwamba mchezo husubiri. Watoto waliwahi kucheza hata katika mageto ya Vita Kuu ya Pili, na watacheza kwenye foleni ya maji. Kinachoweza kukosekana ni mtu mzima wa kuuheshimu mchezo huo, na mtu huyo hahitaji bajeti kubwa wala ghala.

Hoja ya pili dhidi ya kujitolea ni kali zaidi, na wasifiaji wengi huikwepa. Anayejitolea huondoka. Hukaa majuma manne au miezi mitatu, hupendwa, kisha hupanda gari. Mtoto aliyekwisha kuachwa huachwa tena, safari hii na mtu aliyemfundisha kwamba kila aliyejificha hupatikana. Maandishi ya wanaojitolea yana udhaifu unaotokana na jambo hili. Yanajaa nyuso zenye tabasamu, mikono midogo iliyoshika vidole vya mgeni, machozi ya siku ya kuagana. Na machozi hayo huhesabiwa kuwa ushahidi wa mafanikio. Msomaji makini anapaswa kuuliza machozi yale ni ya nani na yanalilia nini. Methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, imemtosheleza mtoaji kwa karne nyingi. Haijasema neno juu ya anayepokea, wala juu ya kesho yake.

Jibu la hoja hiyo lipo, na mwambao umechangia kulitoa. Katikati ya miaka ya 1980, kwa ombi la wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulianzishwa Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, ambao jina la Bi Swafiya Said halitenganishwi nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulifika Zanzibar, kisha Uganda. Nguzo yake ilikuwa mchezo: vifuu, makombe ya pwani, vitambaa na makopo viligeuzwa vifaa, na watoto wakaachiwa kuchagua na kutenda. Nguzo ya pili ilikuwa jamii yenyewe. Kamati za wanakijiji zilijitolea kusimamia shule hizo, na walimu wengi walikuwa wanawake wa mitaa ileile. Mtu wa namna hiyo haondoki. Mtoto atamkuta kesho sokoni, mwaka ujao arusini, na siku moja atamwamkia akiwa mzee. Mchezo walioucheza unabaki kuwa siri yao wawili katikati ya mji.

Upande wa bara, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mwaka 1996 mpango wa TUSEME kwa wasichana wa shule za sekondari. Wasichana wenyewe ndio waliochunguza yaliyowakwaza, wakayatungia maigizo, wakayacheza mbele ya walimu na wazazi. Hao walikuwa wakubwa kuliko watoto wa kupikapika, na maigizo yao yalikuwa na shabaha iliyo wazi. Lakini kwa kulinganisha na ngonjera ya mgeni rasmi hatua iliyopigwa ni ndefu: mwenye jambo ndiye mtunzi. Anayejitolea kucheza na watoto wadogo wa Murukulazo amesimama kwenye mstari huohuo, hatua moja nyuma zaidi, pale ambapo mtunzi bado hajui kuwa anatunga.

Kwa hiyo inawezekana sasa kuitaja furaha ya kazi hii bila kuifanya sukari. Haifanani na furaha ya mtoaji anayeshukuriwa, kwa sababu mtoto aliyezama mchezoni hana nafasi ya kushukuru. Ana mgonjwa wa kumtibu na mbuzi wa kumfunga. Inafanana zaidi na furaha ya msomaji wa shairi jema. Msomaji huyo amekubali masharti ambayo hakuyaweka, amefuata sauti isiyokuwa yake, na mwishoni ameonyeshwa kitu ambacho asingekiona peke yake. Kuna wepesi katika kujivua ukubwa. Kuna kicheko ambacho mtu mzima alikisahau tangu alipoanza kuogopa kuchafua nguo. Na kuna jambo lingine lisilosemwa mara nyingi, nalo ni heshima: yule aliyepewa kuwa mbuzi ameaminiwa. Mtoto ambaye ulimwengu umemthibitishia kuwa watu wazima hawaaminiki amempa mtu mzima mmoja nafasi katika ulimwengu alioujenga mwenyewe.

Uaminifu huo ndio unaotakiwa kupimwa na kila anayeandika juu ya kazi hii, awe mshairi au mwandishi wa ripoti. Maandishi yanayomweka mgeni katikati na watoto pembezoni kama mapambo ni maandishi dhaifu, hata yakiwa na vina safi. Yanayomwacha mtoto aseme, hata kama alichokisema hakieleweki na hakina mafundisho, yana nafasi ya kudumu. Mwambao una malenga wengi waliotunga juu ya watoto, wakiwausia, wakiwabembeleza, wakiwaombea dua. Una wachache waliokaa chini kutegewa kitendawili na mtoto, wakashindwa kwa haki, na wakakubali kutoa mji.